Kuziba Pengo la Kidijitali kwa Fedha za Umma: Mwongozo Kamili wa Kupanga, Kuomba na Kulinda Bajeti

Wengi wa watu wasiotumia intaneti duniani wanaishi mahali ambapo mtandao umeshafika. GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, kilikadiria kwamba mwaka 2023 watu wapatao milioni 350, kama asilimia 4 ya wakazi wa dunia, walikuwa nje kabisa ya maeneo yenye intaneti ya simu. Waliokuwa ndani ya maeneo hayo na bado hawaitumii walikuwa bilioni 3.1, yaani asilimia 39. Andika takwimu hizo mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango wako. Kisha fungua bajeti ya mawasiliano uliyonayo mezani uangalie ni sehemu gani imetengwa kwa minara na nyaya, na ni sehemu gani imebaki kwa ajili ya yule aliye chini ya mnara na hana jinsi ya kuutumia.

Nimeandika mwongozo huu kwa yeyote aliyekabidhiwa kazi hiyo: ofisa mipango, diwani, mtumishi wa wizara, au kiongozi wa shirika la kijamii anayetaka kupeleka hoja yenye uzito kwa wanaogawa fedha. Minara ina nafasi yake, na kwa ile asilimia 4 ndiyo mwanzo wa kila kitu. Lakini mpango mzuri huanza na mtu, ukajua amekosa nini, ndipo ukaamua fedha ziende wapi.

Hatua ya 1: Jua nani hayuko mtandaoni, na kwa nini

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibikia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Dodoso la kawaida humuuliza mkuu wa kaya swali moja: je, kaya hii ina intaneti? Akijibu ndiyo, watu sita wanahesabiwa kuwa wameunganishwa. Kumbe simu janja ni moja, ni ya baba, na asubuhi anaondoka nayo. Mama, bibi na watoto wanne wamegeuka kuwa watumiaji wa intaneti kwenye karatasi tu. Ndiyo maana takwimu za kaya hupendeza kuliko hali halisi. Uliza mtu mmoja mmoja. Mwanamke aulizwe mwenyewe, ikiwezekana na mwanamke mwenzake, na mume asiwe pembeni akimjibia. Takwimu za GSMA za mwaka 2023 zilionyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ulikuwa pungufu kwa asilimia 15 ukilinganisha na mwanamume. Pengo hilo huwezi kuliona ukiuliza kaya.

Maswali yasiwe mengi. Mara ya mwisho ulitumia intaneti lini? Kwa kifaa cha nani? Mwezi uliopita uliishiwa bando ukakaa siku ngapi bila? Kuna jambo gani ulitaka kulifanya mtandaoni ukashindwa? Na kwa ambaye hajawahi kuitumia: sababu kubwa ni ipi? Mwache aseme kwa maneno yake kabla hujamsomea orodha ya majibu, kwa sababu mtu akisomewa orodha huchagua lile linaloonekana la heshima.

Majibu mengi yataangukia kwenye mafungu haya: mtandao haufiki, au unafika nje lakini haushiki ndani ya nyumba, hana kifaa, au alichonacho si chake, gharama ya bando, hajui kutumia, hajui lugha inayotumika, au ana ulemavu na kifaa hakimfai, haoni faida, anaogopa kutapeliwa. Liko pia moja linalosahaulika sana: hana kitambulisho, na bila kitambulisho hawezi kusajili laini. Hakuna mnara unaotatua hilo. Linatatuliwa na ofisi ya vitambulisho, na mpango wako unapaswa kuitaja.

Baada ya sababu ya kwanza, uliza swali hili: hilo likiondolewa leo, kesho ungetumia? Sababu hupandana. Anayesema hana simu anaweza kuwa pia hajui kusoma, na hata akipata simu hana pa kuichajia. Swali hili moja linaweza kukuokoa usinunue simu 5,000 zitakazokaa kabatini.

Kuhusu idadi, watu kama 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanakupa picha ya eneo zima yenye kosa la takriban asilimia 5 juu au chini. Ukitaka kulinganisha vijana na wazee, au kata moja na nyingine, ongeza sampuli, na uongeze pia kama unachagua vijiji vichache na kuhoji watu wengi katika kila kimoja. Na usitegemee dodoso la mtandaoni. Unaowatafuta hawako huko.

Kisha taja makundi kwa majina. Marekani ilipopitisha sheria yake ya usawa wa kidijitali mwaka 2021, iliorodhesha makundi manane ambayo kila jimbo lilipaswa kuyagusa kwenye mpango wake, wakiwemo watu wa vijijini, wenye miaka 60 na zaidi, wenye ulemavu, wafungwa, na wenye shida ya lugha. Orodha kama hiyo ina nguvu, kwa kuwa kundi likishaandikwa, aliyelisahau analazimika kujieleza. Tengeneza yako kutokana na majibu ya dodoso.

Hatua ya 2: Pima mtandao mwenyewe

Ramani za huduma hutengenezwa na kampuni, mara nyingi kwa hesabu za kompyuta zinazokadiria mawimbi yatafika wapi. Kilima, ukuta wa zege na msongamano wa jioni havionekani vizuri humo. Marekani ilikaa na kosa kubwa la aina hii kwa miaka mingi: nyumba moja ikiweza kupata huduma katika kitalu cha sensa, yaani kipande kidogo cha eneo kinachotumika kuhesabia watu, kitalu kizima kilihesabiwa kuwa kimehudumiwa. Vijijini kitalu kimoja kinaweza kuwa kikubwa mno. Bunge lao lilitunga sheria mwaka 2020 kurekebisha jambo hilo, na ramani mpya ikatoka Novemba 2022, safari hii wananchi wakipewa haki ya kuipinga kwa ushahidi.

Nawe kusanya ushahidi wako. Pita shuleni, zahanati, sokoni na ofisi za vijiji ukiwa na simu ya kawaida, siyo ile ya bei ghali yenye antena bora. Pima nje na ndani. Pima asubuhi, kisha pima tena saa mbili usiku watu wakiwa wengi mtandaoni. Pima laini za kampuni zote. Andika kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, muda wa kuchelewa (yaani muda wa ombi kwenda na jibu kurudi), tarehe, saa na majira-nukta ya mahali (namba za GPS). Walimu na wahudumu wa afya wanaweza kuifanya kazi hii wakielekezwa vizuri, na watakuwa mashahidi wako baadaye.

Amua mapema "huduma" kwako maana yake nini. Uingereza iliweka haki ya kisheria ya megabiti 10 kwa sekunde (kipimo cha kasi ya intaneti) za kupakua, kuanzia Machi 2020. Marekani ilipandisha kigezo chake Machi 2024 kutoka megabiti 25 za kupakua na 3 za kupakia hadi 100 na 20. Usinakili namba ya nchi nyingine. Anza na kazi zinazotakiwa kufanyika: mwalimu kutuma video ya somo, daktari kuzungumza na mgonjwa ana kwa ana kwa njia ya video, wanafunzi 40 kufungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Hesabu kutoka hapo. Kasi ya kupakia ndiyo hupuuzwa zaidi, ilhali ndiyo inayomwezesha mtu kufundisha, kuuza na kutoa ushahidi. Bila hiyo atabaki mtazamaji.

Hatua ya 3: Pima gharama kwa kipato cha mtu wa chini, na angalia kodi

Tume ya Umoja wa Mataifa ya Intaneti ya Kasi iliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2025 huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la mwezi la taifa kwa kila mtu. Ni kigezo kizuri cha kulinganisha nchi na nchi, ila ndani ya nchi kinadanganya, kwa sababu pato la wastani linavutwa juu na matajiri. Gawa wananchi wako mafungu matano kwa kipato, kisha uliza bando la mwezi linakula asilimia ngapi ya kipato cha fungu la chini kabisa. Huduma inayochukua asilimia 2 ya wastani inaweza kuwa asilimia 10 kwa maskini, na mpango wako unamhusu huyo.

Halafu soma sheria za kodi. Serikali inaweza kutoa ruzuku ya vifaa huku ikitoza ushuru mkubwa kwenye simu, laini na bando zilezile. Uganda ilianzisha kodi ya kila siku ya mitandao ya kijamii Julai 2018, na idadi ya watumiaji wa intaneti ikashuka ndani ya miezi michache. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2021, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Ukiona mgongano wa namna hiyo, uandike waziwazi kwenye mpango. Wakati mwingine pendekezo la kupunguza ushuru wa simu za bei nafuu lina faida kuliko mradi mzima wa ugawaji.

Hatua ya 4: Tafuta fedha zilipo

Nchi nyingi zina mfuko wa mawasiliano kwa wote, unaochangiwa na kampuni za simu kutoka kwenye mapato yao. Tanzania ilitunga sheria ya mfuko wake mwaka 2006. Kenya inatoza asilimia 0.5 ya mapato ghafi ya wenye leseni. Mifuko hii ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha, na mara nyingi fedha zimo: uchunguzi wa Web Foundation, shirika lililotetea intaneti kwa wote, wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa zaidi ya dola milioni 400 zilikuwa zimelala bila kutumika katika mifuko ya Afrika. Inaumiza kuona fedha zilizokatwa kwa jina la watu wasiounganishwa zikilala, huku watu hao wakiambiwa bajeti haitoshi.

Kabla ya kubisha, omba hesabu zilizokaguliwa za mfuko kwa miaka mitatu. Angalia kiasi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kisha soma sheria ya mfuko neno kwa neno, maana mingine inaruhusu miundombinu tu, na ombi la mafunzo au vifaa litarudishwa hata kama ni zuri. Ikiwa ndivyo, mpango wako uwe na sehemu mbili: ombi linalofaa chini ya sheria iliyopo, na pendekezo la kurekebisha sheria yenyewe.

Mlango wa pili hauko kwenye mawasiliano kabisa. Wizara za elimu na afya tayari zinalipia intaneti, shule kwa shule, hospitali kwa hospitali, kila moja kwa mkataba wake na kwa bei ya rejareja. Ukiunganisha mahitaji ya shule, zahanati, mahakama na ofisi za umma za eneo zima, unakuwa mnunuzi mkubwa. Kampuni iliyosita kuvuta faiba (nyaya za intaneti ya kasi) kwa ajili ya kaya mia mbili itaifikiria upya ikihakikishiwa wateja wa umma kwa miaka mitano. Kwa maoni yangu, hii ndiyo njia inayofanya mengi kwa fedha kidogo, na inashangaza inavyotumika kwa nadra.

Fedha nyingine zitatoka bajeti ya taifa, mapato ya halmashauri, mikopo ya benki za maendeleo na wafadhili. Zote zina faida na masharti yake, lakini kila moja iulizwe swali hili: ni ya mara moja au ya kila mwaka? Marekani iliwapunguzia ada ya intaneti ya mwezi kaya zaidi ya milioni 23 za kipato cha chini kupitia mpango uliotengewa dola bilioni 14.2. Fedha zikaisha, Bunge halikuongeza, na mpango ukafungwa Juni 1, 2024. Fedha za ile sheria ya usawa wa kidijitali, dola bilioni 2.75, nazo zilisitishwa na serikali mpya Mei 2025, majimbo yakiwa tayari yameandika mipango. Kwa hiyo andika kwenye mpango wako kitakachoendelea iwapo chanzo kikubwa kitakatika katikati ya mwaka, na usiweke mishahara yote ya wakufunzi kwenye chanzo kimoja.

Hatua ya 5: Bajeti iwe ya miaka mitano, na uendeshaji uonekane

Chukua kituo cha jamii cha intaneti, ukihesabu kwa vipimo badala ya fedha. Kukijenga na kukiwekea vifaa kunagharimu 100. Kukiendesha, yaani umeme, bando la kituo, mshahara wa msimamizi, ulinzi na matengenezo, ni 30 kwa mwaka. Mwaka wa nne kompyuta zimechoka, unahitaji 40 za kubadilisha. Miaka mitano inakuja 290. Ujenzi ni kama theluthi moja tu ya gharama, lakini ndiyo theluthi inayopata fedha kwa urahisi, kwa kuwa ina jiwe la msingi na utepe wa kukata.

India iliujua uzito wa jambo hili kwa njia ngumu. Mradi wake wa kupeleka faiba kwenye halmashauri za vijiji zipatazo 250,000, ulioidhinishwa mwaka 2011, ulifikisha nyaya sehemu nyingi ambako matumizi yalibaki madogo na huduma ilikatika mara kwa mara. Mpango uliorekebishwa mwaka 2023 umeingiza gharama za uendeshaji na matengenezo kwa miaka 10.

Kama kasma (fungu la bajeti) ya maendeleo na kasma ya matumizi ya kawaida zinaamuliwa na watu tofauti, pata saini za pande zote mbili kabla ya ujenzi kuanza. Asipopatikana wa kusaini upande wa uendeshaji, punguza idadi ya vituo. Vituo vinne vinavyofunguliwa kila siku vina faida kuliko kumi vyenye kufuli.

Hatua ya 6: Kifaa na maarifa viende pamoja

Peru iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa wanafunzi. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliochapishwa mwaka 2012, uliofanyika katika shule 319, haukuona ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda. Kompyuta zilifika, watoto walizitumia, ila ufundishaji haukubadilika na karibu shule zote hizo hazikuwa na intaneti.

Kwa hiyo kila kifaa kwenye bajeti kiwe na mtu wa kufundisha, mtu wa kutengeneza, na kazi inayojulikana. Mafunzo yaanze na shida ya mwanafunzi. Mkulima anataka bei ya mazao, mama anataka kufuatilia maombi ya mkopo wa mwanawe wa chuo, mzee anataka pensheni. Mtu akimaliza jambo lake la kwanza kwa mkono wake mwenyewe atarudi kwa la pili. Panga mafunzo mafupi yanayorudiwa kwa wiki kadhaa, karibu na nyumbani, kwa saa ambazo wanawake wako huru, na pawe na mahali pa kuweka watoto. Fundisha pia kutambua utapeli, nywila imara na haki ya kukataa kutoa taarifa binafsi. Kwa waliosema wanaogopa, somo hili ndilo litangulie. Chagua wakufunzi wanaotoka palepale na uwalipe. Kazi ya kujitolea hufifia ndani ya miezi michache, na jamii haina kosa katika hilo.

Huduma za serikali zenyewe nazo zirekebishwe. Fomu ya mtandaoni isiyofunguka kwenye simu ndogo, au iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua waombaji, inawarudisha watu wote uliowafundisha kwenye foleni.

Hatua ya 7: Zabuni na mkataba

Kwa maeneo yasiyo na mtandao kabisa, njia iliyozoeleka ni mnada wa ruzuku, ambapo kampuni inayoomba ruzuku ndogo zaidi kufikisha huduma ndiyo inashinda. Chile ilikuwa ya kwanza kuitumia kwa upana kwa simu za vijijini miaka ya 1990, na ikaigwa na nchi nyingi. Ina hatari yake. Marekani ilifanya mnada wa namna hiyo mwaka 2020 wenye ahadi ya ruzuku ya dola bilioni 9.2, na Agosti 2022 mamlaka ya mawasiliano ikawakataa washindi wawili wakubwa baada ya kuona hawajathibitisha kuwa wataweza kutimiza walichoahidi. Maeneo yao yalikuwa yamesubiri karibu miaka miwili. Chuja uwezo wa kifedha na kiufundi kabla ya mnada.

Mkataba uwe na haya:

- malipo kwa awamu, na awamu kubwa ya mwisho ilipwe baada ya vipimo huru kuonyesha kasi iliyoahidiwa, ndani ya majengo na saa za jioni;
- dhamana ya utekelezaji, na adhabu kwa kila siku ambayo huduma imekatika;
- wajibu wa kuruhusu kampuni nyingine kutumia mnara au faiba hiyo kwa bei ya haki;
- ukomo wa bei ya rejareja kwa muda wa ruzuku;
- umiliki wa miundombinu mkataba ukiisha au kampuni ikifilisika.

Usiifungie zabuni teknolojia moja bila sababu. Faiba hudumu na kuongezeka uwezo, mawimbi hufika haraka, setilaiti hufaa kaya zilizotawanyika sana. Vikundi vya wananchi vinavyoendesha mitandao yao navyo vipewe nafasi. Kenya iliweka leseni maalumu ya mitandao ya jamii mwaka 2021.

Hatua ya 8: Ifikishe hoja kwa wakati

Jua kalenda. Mwaka wa fedha ukianza Julai, ukomo wa bajeti huwa umepangwa miezi mingi nyuma, na hoja nzuri inayofika Mei imechelewa. Andaa ukurasa mmoja kwa wanaoamua: watu wangapi, wamekosa nini, fedha kiasi gani kwa miaka mitano, zitatoka wapi, nani atawajibika. Mpango mzima uwe kiambatisho. Na kabla ya kuupeleka, urudishe kwa uliowahoji, uwasomee kwa lugha yao, uandike walichopinga na ulichobadilisha. Mjumbe akiuliza kama wananchi wameshirikishwa, utamwonyesha karatasi hiyo.

Hatua ya 9: Pima tena, kisha chapisha

Kilometa za faiba na idadi ya minara ni taarifa za ujenzi. Kiashiria chako kikuu kiwe idadi ya watu ambao hawakuwa wakitumia intaneti na sasa wanaitumia angalau mara moja kwa wiki, kwa jinsia, umri, ulemavu na mahali. Rudia dodoso la hatua ya 1 kila mwaka kwa maswali yaleyale, na rudia vipimo vya hatua ya 2 mahali palepale.

Matokeo yachapishwe kila robo mwaka, kwenye mtandao na kwenye mbao za matangazo za vijiji kwa ajili ya wasiofika mtandaoni: kilichotengwa, kilichotoka, kilicholipwa kwa nani, na vituo vilivyokuwa wazi kwa siku ngapi. Weka namba ya simu ya kupokea malalamiko, isiyomtoza anayepiga, na utenge mshahara wa mtu wa kuipokea.